Sukari Isifike Misungwi

Jumatatu, 5 Julai 1993

Nimeambiwa nina ugonjwa wa sukari. Mimi! Mtu ambaye miaka ile ya foleni nilikunywa chai ya chumvi bila kulalamika. Sasa sukari imejaa tele, kila kitu ruksa, dukani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, gunia liko wazi na watu wanajipimia robo, nusu, kilo. Halafu kijana mmoja mwenye koti jeupe ananiambia niiuze tu, nisiilambe. Haki iko wapi?

Nilikwenda kupima macho. Macho tu! Kosa langu ni kutaja kiu. Nilisema nakunywa maji kama ng'ombe aliyerudi malishoni na kwamba siku hizi nashinda chooni kuliko dukani. Daktari akanipa chupa. Mkojo wangu ukachemshwa na dawa ya bluu. Ukageuka kijani, ukageuka njano, ukatulia kwenye rangi ya tofali. Nikamwambia arudie. Akarudia. Tofali.

Nikauliza kama chupa yangu haikuchanganywa na ya mtu mwingine. Akasema leo mgonjwa mwenye chupa ni mimi peke yangu. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Prudencia, mke wangu, asijue. Prudencia ni mwalimu. Akijua yeye, shule nzima imejua, na Kirumba ikijua, kesho habari iko Misungwi. Jumamosi ya tarehe 17 wakwe wanakuja kutoka Misungwi kumposa binti yangu Teodora. Mwezi uliopita Mzee Chenge, baba yake kijana Obedi, alimtuma mshenga wao Antoni aniulize jambo moja tu: je, katika ukoo wetu kuna ugonjwa? Kifafa, ukoma, wazimu, chochote? Nilisimama, nikaweka mkono kifuani, nikasema sisi ukoo wa Mutayoba hatujui hata mafua. Alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi. Sasa angalia!

Teodora anampenda yule kijana. Tangu barua ya posa ifike, anaimba akifua nguo. Sitakubali wimbo huo ukatike kwa sababu ya mkojo wangu.

Jumanne, 6 Julai

Vidonge nimevificha dukani, ndani ya kopo la misumari ya inchi sita. Hakuna anayenunua misumari ya inchi sita.

Tatizo ni chai. Asubuhi nilikunywa kavu, Prudencia akaona, akauliza. Nikasema nimeweka nadhiri: sitaonja kitu kitamu mpaka Teodora aposwe salama. Imenitoka yenyewe! Prudencia alinitazama, machozi yakamlengalenga, akasema miaka yote hii hakujua ameolewa na mtu wa namna hii. Hata mimi sikujua.

Mpango safi kabisa. Ungebaki safi kama jioni Prudencia asingesimama kwenye jumuiya kuitangaza nadhiri yangu. Luhaga hakupenda. Huyu Luhaga ni mwenyekiti wa jumuiya yetu na jirani yangu. Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Anauza vipuri vya baiskeli na hajawahi kuugua, jambo analolisema kila siku. Kwa miaka mingi mtakatifu wa mtaa ni yeye. Papo hapo akatangaza kwamba naye atafunga Jumatano na Ijumaa. Kisha, kwa upole mwingi, akapendekeza mwenye nadhiri aongoze rozari.

Matendo ya uchungu, yote matano. Magoti kwenye sementi, kibofu kimejaa. Kwenye tendo la tatu nikatoka mbio. Nikiwa chooni nilimsikia Luhaga akiniombea kwa sauti ya kufika kilima cha Bugando.

Alhamisi, 8 Julai

Mkanda umefika tundu la mwisho. Nimetoboa jingine kwa msumari wa inchi sita. Kumbe una kazi.

Asubuhi Luhaga alinipa mkono, akaushikilia. Akaniuliza ninaendeleaje, kwa sauti ile ya matangani. Nikasema vizuri. Akasema ni vizuri kuwa na moyo huo. Moyo upi?

Mchana akaja Mama Dorcas muuza samaki. Ameniletea sato mzima, mnene, na hataki chochote. Nikaanza kumshukuru, naye akanitazama kiunoni, akaangua kilio. Akasema mdogo wake alianza hivi hivi, kukonda na kwenda chooni. Akasema nyie watu wa Kagera mmeteseka, Mungu awaonee huruma. Ndipo nikaelewa. Nilikaa juu ya kreti ya soda.

Wanadhani nina ukimwi. Nimezika watu wengi wa kwetu, silichezei jina hilo.  Na dada yake Antoni mshenga anakaa hapa hapa Kirumba na ananunua samaki kwa Mama Dorcas!

Kwa hiyo hali ni hii. Nikisema ukweli, ukoo una ugonjwa na nilidanganya. Nikinyamaza, nina ule mwingine. Nimezunguka duka mpaka wateja wakaniuliza nimepoteza nini. Lipo jibu moja tu. Lazima ninenepe kabla ya Jumamosi ijayo.

Ijumaa, 9 Julai

Nimenenepa! Mashati matatu, suruali mbili, na katikati sweta la Teodora la shule. Nikajitazama kwenye kioo: mtu mwenye mali zake. Nikatembea mpaka sokoni na kurudi ili nionekane. Jua la Mwanza halikunionea huruma. Ilipofika saa sita jasho lilikuwa limefika viatuni.

Na hapo ndipo Antoni alipoingia dukani. Mshenga mwenyewe! Alikuwa anapita tu, akasema. Nikamkaribisha kwa shangwe, nikamwambia mwaka huu baridi imezidi. Antoni alikuwa amevua koti na anajipepea kwa kofia. Nikampa soda. Kiu ikanishika, nikanywa maji jagi zima mbele yake. Kisha haja ikanibana, nikaomba ruhusa, nikakimbia.

Aliyebuni suruali mbili hakufikiria vifungo. Nilipambana, nikashindwa, nikarudi dukani na suruali moja. Tena ya rangi nyingine. Antoni aliitazama, akamaliza soda yake polepole, akaaga. Hakuuliza neno. Mshenga anayeuliza unaweza kumdanganya. Huyu nitamfanyaje?

Jumapili, 11 Julai

Nimetulia kanisani kwa mara ya kwanza wiki hii, kwa sababu nilipata wazo. Kwetu wazee hawakuwa na dawa ya bluu. Walimpima mtu kwa sisimizi. Mtu akikojoa pembeni na sisimizi wakaja, ana sukari. Wasipokuja, hana. Hakuna chupa wala kijana wa koti jeupe.

Baada ya misa nimejaribu nyuma ya jiko, chini ya mpapai. Nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia, nikatoka. Walikuja! Msafara mzima. Nikachungulia ng'ambo ya ukuta, kwa Luhaga, nako msafara mwingine mnene karibu na choo chake. Hata sisimizi wa Luhaga wanavuka kuja kunisengenya.

Lakini sasa nina kipimo changu mwenyewe. Kilichobaki ni dawa kali.

Jumatatu, 12 Julai

Nimefunga duka, nimevuka ziwa kwenda Kamanga. Prudencia nimemwambia naenda kutazama mchele. Nilisikia huko kuna mama anaitwa Tereza mwenye mizizi michungu kuliko yote ya ng'ambo.

Kivuko kilikwenda taratibu kama kinabeba mayai. Hakuna mahali pa kujisaidia. Nilitembea kutoka mbele hadi nyuma, nyuma hadi mbele, mpaka mwenye mbuzi mmoja akaniomba nikae kwa sababu nawatia mbuzi wake wasiwasi. Nikamwomba nahodha aongeze mwendo. Akaniuliza kama nina haraka kuliko ziwa.

Tereza alinionjesha mzizi mmoja, ulimi ukakakamaa. Nikasema huo huo. Akasema huo ni wa minyoo. Nikasema chungu ni chungu, sukari ikiona hii itahama yenyewe. Alinitazama sana, kisha akanifungia furushi. Nimechemsha, nimekunywa bakuli zima. Mpaka jioni bado sihisi midomo yangu.

Jumatano, 14 Julai

Prudencia amelalamika tangu asubuhi. Eti sisimizi wameingia kwenye unga, haelewi kitu gani kinawavutia nyuma ya jiko. Eti amemwaga dawa ya unga na mafuta ya taa pale kwenye mpapai. Mambo ya jikoni. Sikumsikiliza, nilikuwa na jambo kubwa la kupima.

Mchana nikapima. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Hakuna hata mmoja! Nimeinama nikakagua udongo kwa macho yangu haya. Kimya. Ni harufu ya mafuta ya taa tu.

NIMEPONA! Mzizi wa Tereza! Nimevimwaga vidonge chooni vyote. Nimepiga magoti nyuma ya magunia, nikamshukuru Mungu, na palepale magotini nikafungua soda ya machungwa. Kisha nyingine, kwa sababu ya kwanza ilipita bila kuonekana. Nadhiri itaendelea mbele ya watu.

Ijumaa, 16 Julai

Kiu imerudi, lakini hiyo ni ya soda. Soda huleta kiu, kila mtu anajua. Kwa hiyo nakunywa nyingine. Nyayo zinawaka moto, nadhani ni viatu. Prudencia ananiuliza mbona naongea polepole. Nimemwambia ni furaha.

Kesho ndiyo kesho. Wakwe ni Wasukuma, lakini wameheshimu mila yetu, wameagiza rubisi halisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu mambo ni wazi. Wageni huketi, msemaji wao hueleza walichofuata, ndipo kibuyu cha rubisi huletwa mbele ya baba wa binti. Baba akinywa, amekubali. Kisipoletwa, basi hao hawakuja kuposa. Baba hakiombi wala hakigusi mpaka apewe. Hata mlevi wa kwetu anajua hivyo.

Nimepiga pasi mashati yote matatu. Nimepona, sawa, lakini watu hawajui.

Jumapili, 18 Julai

Naandika nikiwa kitandani hospitalini. Chupa ya maji inaning'inia juu yangu. Acha nieleze.

Wakwe walichelewa, gari lao liliharibika Usagara. Nilikunywa soda nyingine nikiwasubiri, nikizunguka nyumba. Walipofika, nilijua. Mzee Chenge hakuvua kofia. Wanawake wao hawakuimba. Antoni aliketi akitazama sakafu, na kibuyu cha rubisi wakakisukuma chini ya benchi, nyuma ya miguu yao. Luhaga, kama mwenyekiti, akafungua kwa sala, akawaombea wagonjwa wote, hasa wale wanaouficha ugonjwa wao. Kisha Antoni akasimama, akakohoa, akaanza kusema kwamba safari ya posa ni ndefu na wakati mwingine watu hupumzika njiani.

Walikuwa wamekuja kurudisha neno lao! Teodora alikuwa nyuma ya pazia na mama yake. Niliona miguu yake chini ya pazia, na viatu vipya. Vile viatu havikuwa vimetulia. Moyo wangu ukavunjika pale pale.

Sikumngoja Antoni amalize. Nikanyanyuka, nikavuka sebule, nikapiga magoti mbele ya Mzee Chenge, nikaingiza mkono kati ya miguu yake, nikakivuta kibuyu. Watu wakapiga kelele. Shemeji yangu kutoka Bukoba akafunika uso kwa khanga. Baba wa binti kujinyakulia pombe ya posa! Haijawahi kutokea tangu ndizi ziote. Mimi nikanywa. Mrija ulikuwa mwembamba, nikautupa, nikanywa kwa mdomo wa kibuyu, mpaka chini, ili kisibaki kitu cha kurudi Misungwi. Kisha nikasema, tumekubali.

Nilitaka kuendelea na hotuba. Lakini Mzee Chenge alikuwa amekuwa wawili, kila mmoja na kofia yake. Nikaanguka. Niliangukia juu ya Luhaga, nashukuru.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Hapa wauguzi walinivua shati, wakakuta shati, wakavua, wakakuta sweta la shule, wakavua, wakakuta shati. Wakwe wote wakiwa mlangoni. Kijana yule yule wa koti jeupe akatoka akamwambia Prudencia kwamba ni sukari, tena aliniambia tangu tarehe tano. Prudencia alinyamaza. Wanafunzi wake wanasema akinyamaza ndipo mtu akimbie, lakini mimi sikuwa na fahamu.

Mzee Chenge akauliza, "Sukari tu?"

Daktari akasema ni sukari tu, ila nyingi mno.

Basi wanawake wa Misungwi wakapiga vigelegele! Ndani ya hospitali! Mama Dorcas aliyekuja kunililia akacheza na beseni la samaki kichwani. "Ni sukari tu! Baba Teodora ana sukari tu!" Wauguzi wakawatoa nje wote, wakaendelea kuimba getini. Sidhani kama kuna mgonjwa amewahi kupongezwa hivyo Mwanza.

Leo asubuhi Mzee Chenge alikuja peke yake, akaketi pembeni ya kitanda. Akatoa mfukoni kopo dogo, akanionyesha tembe za kutia kwenye chai badala ya sukari. Ana ugonjwa huu miaka mingi. Mama yake alikuwa nao, na kaka yake. Akasema ndiyo maana alimtuma Antoni aniulize, kwa sababu aliogopa wajukuu wasiupate pande zote mbili. Nikamuuliza mbona na yeye hakusema wa kwao. Akavua kofia, akaitazama. Akasema, "Wewe ungenipa binti?"

 Kisha akasema watoto wameshaambiwa yote, wameketi nje tangu alfajiri, na waamue wao.

Teodora akaingia, macho mekundu, Obedi nyuma yake. Obedi akanipa shikamoo. Teodora hakunisalimia. Akasema, "Baba, ulitaka nivae kitenge cha posa kwenye msiba wako?" Kisha akasema ataolewa na Obedi, watapima watoto wao mapema, na kuanzia leo mimi nitakula anachopika yeye. Akaniwekea kichwa kifuani, penye mpira wa ile chupa. Nililia. Niliogopa sana kufa, na niliogopa zaidi kumpotezea mume. Nimemwapia yeye, mama yake na Mungu: uongo basi. Mipango basi.

Jumatano, 28 Julai

Mtu mpya! Vidonge viko kabatini, wazi. Asubuhi mchicha, mchana mchicha na samaki, jioni natembea mpaka ziwani na kurudi. Posa imepita, harusi Oktoba. Prudencia ameanza kuongea nami tena, sentensi fupi.

Kuna dosari moja ndogo. Mzee Chenge naye sasa anakuja kliniki ile ile ninayopimwa mimi, siku ya Jumatano, ili tupeane moyo. Leo tumepimwa pamoja, chupa yake na yangu mezani, watu wanatazama. Yake ilibaki bluu kama anga. Yangu ilikuwa kijani cha matope. Akanipigapiga begani, akasema, "Pole, mkwe, utafika." Utafika! Mbele ya wauguzi! Sijapata utulivu tangu saa ile. Nimetembea ziwani mara mbili.

Sisemi kudanganya. Nasema kumtia moyo daktari. Kinachotakiwa ni chupa moja tu kutoka kwa mtu mwenye afya, na mtu mwenye afya kuliko wote Kirumba kila mtu anamjua, kwa sababu anajitangaza mwenyewe.

Jumatano, 4 Agosti

Nilimwambia Luhaga hospitali wanatafuta mkojo wa mfano, wa mwanaume asiyewahi kuugua, wauonyeshe wanafunzi wa uuguzi. Sikuhitaji kumbembeleza. Alijaza chupa mpaka juu, akaifunga kwa kitambaa safi, akaomba jina lake litajwe.

Kliniki. Mzee Chenge bluu, kama kawaida. Mimi nikaweka chupa ya Luhaga mezani, nikakunja nne. Kijani. Njano. Tofali! Tofali kuliko lile langu la kwanza! Daktari akavua miwani, akaniuliza nimekula nini. Mzee Chenge akanishika mkono, akanipa pole kwa sauti ile ya matangani. Teodora, aliyenisindikiza, akatoka nje. Wiki nzima mchicha, halafu nimeadhibiwa kwa mkojo wa Luhaga!

Nimerudi nyumbani nikizungukazunguka. Kumbe wale sisimizi wa ng'ambo ya ukuta hawakuwa wanakuja kwangu. Walikuwa na shughuli yao. Na Luhaga anatia vijiko vinne kwenye chai, nimemwona. Sasa nifanyeje? Nikimwambia ukweli, nitalazimika kueleza chupa yake ilifikaje mezani mwangu. Nisipomwambia, ataanguka siku moja, na mimi sitakuwa chini yake kumpokea. Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Sitaki afe, hilo naliandika hapa na halitatoka hapa.

Basi jioni nikamwendea. Nikamwambia hospitali wameupenda mkojo wake mno, hawajawahi kuona kitu kama kile, na daktari mwenyewe anamwomba aje Jumatatu, asubuhi, kabla hajala kitu. Na kuanzia leo asiguse sukari ili usiharibike. Machozi yalimtoka kwa heshima hiyo. Ameshanyoa ndevu na ameomba nimwazime koti.

Hilo limekwisha vizuri, na sikusema uongo hata kidogo, ukiniuliza mimi. Kilichobaki ni Jumatano ijayo. Mzee Chenge hawezi kunipa pole mara ya tatu. Nahitaji mtu kijana, mwenye damu safi, asiyeweza kunikatalia. Obedi anakuja Jumapili kutusalimia. Nimeshaosha chupa.